Simba wa Ubaruku na Kibao Nilichokiandika

Vijana wangu wa makumbusho mmeniomba niandike mapema kabla sijasahau, na kwa haraka mliyonayo mtu angedhani nimelazwa. Sijalazwa. Nimestaafu tu. Niko Uyole, Mbeya, kwenye nyumba aliyoniachia mama, nalima viazi na kupigana na fuko. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo kaulizeni ofisini, yamo kwenye mafaili. Mimi nawaandikia yale ambayo hayamo, hasa habari ya simba, maana nasikia mnawasimulia wageni na mnaisimulia vibaya.

Nilifika Iringa nikiwa binti aliyemaliza kidato cha nne, na barua ya kazi nimeikunja mara nne mfukoni. Jengo mnalijua. Wakati ule paa lilikuwa linavuja upande wa ndege, na harufu ilikuwa ya vidonge vya nondo na tumbaku, kwa sababu kabla ya kuwa makumbusho lilikuwa ghala. Nilipokewa na Mzee Kikoti, fundi wa kukausha wanyama, mtu mfupi mwenye vidole vilivyopauka kwa dawa. Hakunikaribisha chai. Alinipeleka chumba cha pili, akanisimamisha mbele ya simba.

"Unaona nini?"

"Simba."

"Simba yuko wapi hapa? Hii ni ngozi. Ndani ni waya, majani makavu na magazeti. Macho ni ya kioo. Meno ni plasta, nimeyachonga mwenyewe. Ulimi ni nta. Fuvu lake liko stoo ndani ya sanduku. Ukimwambia mgeni huyu ni simba, umeshaanza kudanganya. Sawa, danganya, lakini ujue umedanganya kiasi gani."

Nilimwona mzee mkorofi. Nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba siku ile alikuwa amenipa kazi yote, na yaliyobaki yalikuwa mazoezi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa vumbi. Miezi sita ya kwanza sikufanya lingine ila kufuta vumbi: kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, kwa kufuata mlalo wa manyoya ya mnyama, kuanzia kichwani kushuka. Kwa ndege, brashi ya kuchorea. Kitambaa kibichi kilikuwa marufuku. Mzee Kikoti alisema maji huamsha gundi, na gundi ikiamka inaachia. Alinifundisha pia kushona ngozi iliyopasuka kwa sindano iliyopinda, kuwapachika vipepeo bila kuwavunja mbawa, na kuongeza dawa kwenye chupa za nyoka huku nimeziba pua.

Alinifundisha na kushuku. "Mgeni usimwangalie uso," alisema. "Uso kila mtu anaupanga asubuhi. Mwangalie mikono."

Alikuwa na sababu. Ninyi mnaoanza leo mnadhani watu wanakuja kwetu kujifunza. Wapo. Lakini nimewahi kumwona mwanamke aliyevaa vizuri kabisa akimbandua kakakuona magamba kwa ufunguo wa gari. Kuna bwana aliyeniuliza kwa sauti ya chini kama kwenye chupa ya chatu hakuna mafuta yaliyobaki. Kuna mchungaji aliyetaka bundi afunikwe kitambaa waumini wake wakipita, na alipomaliza kuombea chumba tukakuta bundi hana manyoya mawili ya mkia. Sisemi ni yeye. Nasema kabla hajaomba yalikuwepo.

Basi nikawa mtu wa kushuku. Nilikuwa hodari sana. Mgeni akiingia na koti siku ya jua, nilimfuata. Akiingia bila koti siku ya baridi, nilimfuata pia.

Kila mwaka tulipeleka vitu vichache Mbeya kwenye maonyesho ya Nanenane. Mwaka wangu wa tano au wa sita kazini Mzee Kikoti aliugua mgongo, nikaenda na simba mimi. Tulimfunga shuka la zamani, tukamlaza nyuma ya lori kama mgonjwa wa rufaa. Kibao chake kilikuwa na maneno mawili: "Simba dume." Watu walipita, wakaangalia, wakaenda kwenye banda la jirani kuona ng'ombe wa maziwa. Niliumia. Ng'ombe, jamani, wakati simba yupo!

Siku ya pili akaja mtu wa makamo, akamwangalia simba, akacheka. Akasema huyu anamfahamu. Huyu ni yule aliyeua watu Ubaruku enzi za mkoloni, akauawa na bwana nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, na wala hakuwa simba wa porini. Alikuwa wa kutumwa. Alifugwa na mganga mmoja mgeni kutoka Ubena, jina lake Mlowe. Ushahidi? Simba alipita mara nyingi kwenye ua wa huyo Mlowe na hakugusa hata mbuzi.

Niliporudi Iringa nilitazama daftari la vielelezo. Kweli, simba alitoka Usangu, ambako ndiko Ubaruku iliko, na kweli aliandikwa kuwa mla watu. Kuhusu Mlowe hapakuwa na neno. Lakini nilikuwa nimeshaisimulia hadithi pale Nanenane siku tatu mfululizo, na foleni ilifika kwenye banda la ng'ombe. Nikachukua rangi na brashi, nikaandika kibao kipya: "Simba mla watu wa Ubaruku. Inasemekana alifugwa na kutumwa na mganga aitwaye Mlowe, ndiyo maana hakuwahi kugusa boma lake."

Mzee Kikoti alikisoma mara mbili.

"Inasemekana na nani?"

"Na watu, mzee."

"Wangapi?"

Nikaanza kuosha brashi. Yeye naye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu na mgongo ulimsumbua, hakuendelea. Alistaafu, baada ya miaka michache tukamzika. Kibao kikabaki. Nilikisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi, wazungu, maaskofu na wake za wakubwa. Kila nilipofika kwenye jina nilishusha sauti kidogo, wakasogea.

Sasa tuje mwaka wangu wa mwisho.

Jumanne moja aliingia mzee mrefu, amekonda, koti la kijivu na mfuko wa kitambaa begani. Alisalimia "kamwene" kwa adabu, nami nikamwamkia. Kwenye kitabu cha wageni aliandika herufi mbili tu, Y.M., halafu "Kilolo". Mtu mzima anayeficha jina lake kwenye kitabu cha wageni! Nikaweka kalamu chini, nikamfuata kwa mbali.

Hakuangalia ndege. Hakuangalia mawe. Alikwenda moja kwa moja kwa simba, akasimama pale karibu saa nzima. Aliinama akatazama miguu. Alinyoosha kiganja juu ya mguu wa mbele bila kuugusa, kama anayepima. Kisha akaja kwangu.

"Mama, kichwa chake chenyewe, mfupa wake, mnao?"

"Kwa nini, baba?"

"Nauliza tu."

"Upo. Hauonyeshwi."

Alishukuru, akaondoka. Alhamisi akarudi. Jumanne iliyofuata akarudi tena, akasimama palepale, akatoa karatasi, akawa anaandika huku anageuza mwili ili nisione. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ilitosha. Kucha za simba zina wateja wake, na meno zaidi. Nilimwambia Sanga, mlinzi wetu, amkariri sura.

Jumatano asubuhi nikiwa nafanya usafi niliona mguu wa kulia wa mbele. Ukucha mmoja hakuna. Pamebaki tundu jeusi na alama ya gundi ya zamani.

Nilikasirika, na niseme ukweli, ndani ya ile hasira palikuwa na raha. Nilikuwa nimemjua tangu siku ya kwanza.

Alhamisi alipotokea nilimwacha aingie, nikampa Sanga ishara afunge mlango. Palikuwa na wageni wengine wanne au watano. Sikuwajali.

"Baba, fungua mfuko."

"Kuna nini, mama?"

"Kuna kitu kimepotea kwa simba. Wewe ndiye unayeshinda naye."

Nilitegemea apige kelele, ningejua la kufanya. Hakupiga. Aliuweka mfuko juu ya meza akarudi nyuma hatua moja, mikono imeonekana yote. Ilionekana amewahi kukaguliwa, au amefundishwa jinsi ya kukaguliwa na mtu aliyewahi.

Sanga alitoa vitu kimoja kimoja. Sweta. Miwani ndani ya soksi. Biblia. Hindi la kuchoma limefungwa kwenye gazeti. Karatasi ya daftari la shule, imekunjwa. Nikaikunjua mimi.

Alikuwa amenakili kibao changu. Neno kwa neno, kwa mwandiko wa kukokota wa mtu aliyejifunza ukubwani. Kwenye jina Mlowe alikuwa amepiga mstari.

"Hilo jina," alisema, "ni la babu yangu. Mimi ni Yeremia Mlowe."

Wale wageni wengine walijifanya kuangalia swala.

Nilimpeleka ofisini, nikampa kiti, na safari hii chai ilitoka. Alinieleza bila kuharakisha. Babu yake alihama Ubena akaenda Ubaruku kulima mpunga. Simba alipoanza kuua watu, wenyeji walitafuta wa kumlaumu, wakamwona mgeni ambaye boma lake halijaguswa. Nyumba yake ilichomwa moto mchana, watu wakiangalia. Bibi yake alitoka na mtoto mgongoni, na huyo mtoto ndiye baba yake Yeremia. Walitembea mpaka Kilolo. Hata huko maneno yaliwafuata. Yeremia alipotaka kuoa, nyumba mbili za kwanza zilimkataa baada ya kuulizia ukoo. Kwenye misiba alipewa sahani ya peke yake.

"Nilidhani yameisha," alisema. "Watu wa zamani wamekufa. Halafu binti yangu, ni mwalimu wa shule kule Nyololo, akaleta wanafunzi wake hapa. Akawa anawasomea vibao. Akafika kwa simba, akasoma, akafika kwenye jina, akanyamaza. Mtoto mmoja akamwambia, 'Mwalimu, si ni wewe huyo?'"

Aliinywa chai yake yote kabla ya kuendelea.

"Sikuja kugombana, mama. Nilitaka nimwone kwanza. Maisha yangu yote nasikia habari zake. Nikasema, kama kweli ni simba wa kutengenezwa, nitaona kitu. Nimemwangalia siku tatu. Sijaona kitu. Ndiyo nikakuuliza mfupa."

Mpaka hapo bado sikuwa nimemwomba radhi. Nilikuwa na swali langu, na mnaonijua mnajua sikuweza kulimeza. "Na ukucha, baba?"

"Ukucha wa nini?"

Nilimwona amejua sasa kilichopotea ni kitu gani, na amejua hapo hapo kwa nini nimemkagua. Akasimama, akachukua mfuko wake. "Kwa hiyo na mimi ni mganga," akasema, akaondoka.

Ukucha niliupata Jumamosi. Ulikuwa kwenye ndoo yangu mwenyewe, umenasa kwenye nyuzi za kitambaa. Kiuno kilikuwa kinaniuma tangu mwaka uliotangulia, kuinama na brashi sikuweza, nikawa nafuta miguu ya wanyama kwa kitambaa kibichi na kujiambia hakuna atakayejua. Niliketi kwenye sakafu ya stoo na ule ukucha mkononi. Sijawahi kujichukia namna ile, na nimewahi kuvunja yai la mbuni.

Nikiwa nimeketi hivyo nikainua macho, nikaona rafu ya masanduku. Sanduku la simba lilikuwa juu kabisa. Miaka yote hiyo sikuwahi kulifungua. Meno ya plasta yalinitosha.

Nililishusha, nikakata kamba. Fuvu lilikuwa limefungwa magazeti ya zamani, taya la chini kivyake. Nikalishika taya nikaona limevimba upande wa kushoto, mfupa umejikunja kama mzizi wa mti kwenye jiwe. Chonge limevunjika, limebaki kisiki. Na pale penye uvimbe, ndani kabisa ya mfupa, palikuwa na kipande cha mwiba mweusi na mweupe, urefu wa kidole gumba. Mwiba wa nungunungu. Mfupa ulikuwa umeota ukauzunguka. Mnyama yule aliishi na ule mwiba kwa muda mrefu. Nyati asingeweza kumkaba, pundamilia asingeweza kumshika. Aliyebaki ni yule anayetembea polepole na asiye na pembe.

Nilimpigia binti wa Yeremia simu Nyololo, namba yake ilikuwa kwenye barua ya shule ya kuomba ziara. Nilimwambia mambo mawili, kwamba nimeuona ukucha na wapi, na kwamba baba yake aje aone mfupa. 

"Ukimdhalilisha tena," alisema, "nitakuja mimi."

Alikuja naye. Nilimwomba mzee radhi mbele ya Sanga na mbele ya binti yake, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Aliitikia kwa kichwa tu. Nikampa taya mikononi. Alilishika kwa mikono miwili, akalisogeza dirishani, akalipapasa pale penye mwiba kwa kidole. Binti yake ndiye aliyelia.

"Kibao nakitoa leo," nikamwambia.

"Usikitoe," alisema mzee. "Bado. Watu wa Ubaruku waje kwanza, wakuone ukikitoa. Wewe ukitoa kimya kimya watasema nimekuloga."

Ilichukua wiki kadhaa kuwapata. Mwalimu alipiga simu, kanisa likasaidia, na mwishowe wakaja watatu: wazee wawili wa kiume, na Bibi Yudita, ambaye shangazi yake ndiye mtu wa mwisho kuuawa na yule simba. Alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga vitenge viwili, anatembea kwa fimbo. Alikataa kiti ambacho Mzee Yeremia alikuwa amekalia. Chai aliitazama mpaka ikapoa.

Niliweka fuvu na taya juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza hapa. Kisha nikasema lililokuwa gumu zaidi, kwamba kile kibao ni mkono wangu, na habari niliipata kwa mtu mmoja ambaye hata jina sikumwuliza, na nikaiandika kwa sababu ilivuta watu.

Mmoja wa wazee aliinuka, akachungulia mwiba kwa miwani ya mwenzake, akasema, "Kumbe alikuwa mgonjwa." Alimgeukia Yeremia akampa mkono. "Ndugu yangu, sisi tulizaliwa tukaambiwa." Wa pili naye akatoa mkono, ingawa wake ulitoka kwa shida.

Bibi Yudita hakuinuka. Aliomba aletewe taya pale alipo. Aliligeuza, akalinusa, akachokoa mwiba kwa ukucha wake kuona kama nimeubandika. Sikukasirika. Mimi ningefanya vivyo hivyo. Baadaye akalirudisha mezani, akamtazama Mzee Yeremia kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Sawa. Mwiba nimeuona," alisema. "Na huyo nungunungu, nani alimtuma?"

Nilimwona mwalimu anakunja ngumi. Miaka yangu yote pale nilikuwa na majibu ya wageni, hata ya wale wanaouliza kama wanyama wetu huamka. Hilo sikuwa nalo.

Mzee Yeremia alivaa koti lake. "Mama," alimwambia, "mimi nilichokuwa nacho ni hicho. Sina kingine cha kukuonyesha."

Nilitoa kibao mchana ule, wote wakiwepo. Kipya niliandika hapohapo, na nilimsomea kila mmoja kabla rangi haijakauka: "Simba dume, kutoka Usangu. Aliua watu. Taya lake lilikuwa na mwiba wa nungunungu, tazama kwenye sanduku la kioo. Familia moja ilisingiziwa kwa ajili yake." Jina sikuandika. Mzee alisema limeandikwa vya kutosha. Hicho ndicho kibao mnachokiona leo, na neno "inasemekana" msije mkalirudisha.

Nilistaafu miezi miwili baadaye. Nilipewa blanketi na saa ya ukutani.

Juzi mwalimu alinipigia simu. Kulikuwa na harusi Ubaruku, ya mjukuu wa Bibi Yudita, na kadi ilifika Kilolo kwa jina kamili la Yeremia Mlowe. Hakutaka kwenda. Alisema wanamwitia jambo, pengine wamlishe kitu. Kisha akaenda, na binti yake akamsindikiza.

Waliwekwa kwenye mkeka pamoja na wazee wengine. Wali ulipoletwa, aliyeubeba ni Bibi Yudita mwenyewe, bila fimbo, amesaidiwa kiwiko na msichana. Aliweka sinia moja kati ya Yeremia na wenzake. Halafu akapiga magoti, akachota tonge kwa mkono wake upande aliokaa Yeremia, akatia mchuzi, akala, huku anamwangalia.

Mzee alingoja mpaka alipoona amemeza. Ndipo akanawa mikono, akasogea kwenye sinia.